Mkate Bila Ngano: Mapishi Yasiyo na Gluteni Nyumbani

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, pamoja na jamaa zote za ngano. Katika unga mkavu haionekani wala haihisiwi, kwa kuwa sehemu zake kuu mbili, gliadini na glutenini, bado zimekaa mbalimbali. Unga unapotiwa maji na kukandwa, sehemu hizo hushikamana na kufanya utando unaonyumbulika. Ndiyo maana donge la chapati hukubali kusukumwa likawa jembamba bila kuchanika. Ndiyo maana pia andazi huvimba: hamira hula sukari na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na utando wa gluteni huizuia hewa hiyo isitoroke. Moto unapoingia, utando hukauka na kubaki na vishimo vyake, na hapo mkate huwa mkate.

Mchele hauna gluteni. Mahindi hayana, wala mtama, ulezi ambao Wakenya huuita wimbi, uwele, muhogo, viazi, ndizi, kunde, dengu, njugu na nazi. Nyama, samaki, mayai, maziwa, mboga na matunda havina pia. Oti za kifungua kinywa, zile zinazopikwa uji, zina habari yao. Protini yao ni nyingine na wagonjwa wengi huzivumilia, lakini mara nyingi hulimwa, husafirishwa na kusagwa mahali pamoja na ngano, hivyo zisizoandikwa wazi kwamba zimetengwa na ngano ni bora ziachwe. Na kwa kuwa baadhi ya watu huziita oti shayiri, mnunuzi hana budi kusoma pakiti yote, asiishie kwenye jina la mbele.

Wanaolazimika kuacha gluteni kabisa ni wagonjwa wa seliaki. Huu ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, hugeuka na kushambulia utumbo mwembamba wa mwenye mwili. Ndani ya utumbo huo kuna vijinyweleo vingi sana vinavyofyonza chakula. Kwa mgonjwa anayeendelea kula ngano, vijinyweleo hivyo husinyaa na kulala, na chakula hupita bila kufyonzwa. Mtoto huharisha, tumbo hujaa, na kimo hudumaa. Mtu mzima huenda asiharishe kabisa, bali akawa na upungufu wa damu usiosikia vidonge, uchovu, mifupa dhaifu au mimba zinazoharibika. Hakuna dawa ya kuuponya. Tiba yake ni chakula kisicho na gluteni maisha yote, na utumbo ukishaachwa kushambuliwa hujijenga upya.

Aliyethibitisha kwamba ngano ndiyo chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto mjini The Hague. Alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kubwa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, mkate ulipoadimika nchini humo na watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wengine walidhoofika, lakini wale wa seliaki hawakufuata mkondo huo, na mkate uliporudi maradhi yao yalirudi nao. Mwaka 1950 Dicke aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo, na tangu hapo matibabu yakahamia jikoni.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulidhaniwa kuwa wa Wazungu peke yao. Dhana hiyo haikusimama. Katika nchi nyingi zilizopima, humpata takriban mtu 1 kwa kila 100, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 juu ya watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi wanaoishi katika kambi za wakimbizi nchini Algeria, ulikuta zaidi ya 5 kwa kila 100. Watu hao hula mkate wa ngano kila siku, na wengi wao hubeba vinasaba vinavyouruhusu ugonjwa. Afrika Mashariki, ambako mboga na ugali bado vinashika sinia, haujulikani sana, lakini miji imejaa mikate, chapati na tambi, na daktari asiyeutafuta hatauona.

Kuna pia wenye mzio wa ngano, ambao hupata vipele, kubanwa pumzi au kuvimba muda mfupi baada ya kula, na wengine ambao tumbo lao husumbuliwa na ngano ingawa vipimo havionyeshi seliaki. Kwa wote hao upishi hufanana, ila ukali wa tahadhari hutofautiana. Jambo la kushikilia hapa ni moja: anayeshuku kuwa ana seliaki asiiache ngano kabla ya kupimwa damu. Kipimo hutafuta askari wa mwili waliozalishwa kwa sababu ya gluteni. Mtu akiiacha kwa wiki kadhaa askari hao hupungua, kipimo husema hana kitu, na anabaki maisha yake yote hajui kama anajinyima kwa haki au bure.

Anayerudi nyumbani na majibu mkononi mara nyingi huanza na kitu kigumu kuliko vyote: hutaka boflo la dukani, au chapati laini kama za jana, zisizo na ngano. Hutumia pesa nyingi kwa unga wa pakiti ulioagizwa kutoka nje, hupata kitu kinachomeguka kama matofali mabichi, na hukata tamaa. Njia iliyo bora ni kuanza na vyakula ambavyo havikuwahi kuhitaji ngano. Mpishi wa Afrika Mashariki amebahatika katika hili kuliko mwenzake wa Ulaya, kwa sababu mwambao una mikate ya mchele iliyokamilika kabla hata neno gluteni halijafika.

Mkate wa kumimina ndio wa kwanza katika safu hiyo. Vikombe 2 vya mchele huoshwa na kulowekwa usiku kucha, hadi punje ivunjike kwa ukucha. Maji humwagwa, kisha mchele husagwa katika blenda na kikombe 1 na nusu cha tui zito, kijiko kidogo 1 cha hamira na iliki. Husagwa hadi rojo likisuguliwa kati ya vidole lisiwe na chenga hata moja. Hapa wengi huharakisha, na chenga zinazobaki huzama chini na kufanya tabaka gumu kitako cha mkate. Rojo hufunikwa na kuachwa liumuke, kwa saa 1 hivi katika joto la pwani na zaidi kidogo nyanda za juu. Likishajaa mapovu, hutiwa sukari robo tatu ya kikombe na weupe wa yai 1 uliopigwa, hukorogwa taratibu, humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto, halafu huokwa. Zamani ilikuwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Katika oveni, nyuzi 180 kwa dakika 35 au 40 hutosha.

Inafaa kueleza kwa nini mkate huu husimama bila gluteni, kwa maana siri yake ndiyo ya mikate yote isiyo na ngano. Katika rojo la mchele hakuna utando wa kushika hewa. Kinachoishika ni uzito wa rojo lenyewe: likiwa zito kiasi, mapovu hupanda polepole na kukwama njiani. Kisha moto huingia, chembe za wanga hunywa maji, huvimba na kugandana, na mapovu hubaki yamefungiwa ndani. Kwa hiyo kila kitu hutegemea wakati na wepesi wa rojo. Likiwa jepesi mno, mapovu hupanda na kupasuka na mkate huwa bapa. Likiwa zito mno, hamira hushindwa kulinyanyua. Likiachwa liumuke kupita kiasi, hupanda hadi mwisho wake na kuanguka, na likiingia motoni limeshaanguka hakuna kinacholiinua. Mafuta ya tui hulainisha, na weupe wa yai husaidia kufunga. Chuma kilichopashwa moto kabla huivisha kitako mara moja, rojo likapata mahali pa kusimama.

Vitumbua hutokana na rojo lilelile, likiwa zito zaidi kidogo, likimiminwa katika chuma chenye vishimo na mafuta kiasi. Mgonjwa wa seliaki asinunue vitumbua vya njiani bila kuuliza, maana wauzaji wengi huongeza unga wa ngano ili rojo lishikane na vitumbua viwe vikubwa. Vibibi hupikwa vyembamba kwenye kaango, kwa unga wa mchele, tui na iliki, na hufaa mahali pa chapati asubuhi. Vileja vya Unguja ni biskuti za unga wa mchele, samli, sukari, yai na iliki, na samli huwa karibu nusu ya uzito wa unga. Biskuti hazihitaji kunyumbulika. Zinatakiwa zivunjike mdomoni, na unga wa mchele hufanya hivyo vizuri kuliko ngano. Mwenye mtoto mgonjwa anayelilia biskuti hana haja ya kutafuta pakiti ya Ulaya. Mkate wa mofa, uliozoeleka tangu kale katika mwambao na kubandikwa ubavuni mwa tanuri la udongo, asili yake ni unga wa mtama, ingawa siku hizi unaouzwa mara nyingi umetiwa ngano au ni ngano tupu.

Bara kuna hazina nyingine. Kabalagala ya Uganda hutengenezwa kwa ndizi mbivu ndogo tamu zilizopondwa hadi zilainike, kisha unga wa muhogo huongezwa kidogo kidogo hadi donge lishikane. Maji hayatiwi, unyevu wote hutoka kwenye ndizi. Donge hupumzishwa, husukumwa kwa unene wa nusu sentimita, hukatwa kwa mdomo wa glasi na kukaangwa. Muhogo una wanga unaonata na kuvutika kuliko wanga wa nafaka, ndiyo maana donge hilo husukumika bila kupasuka. Muhogo huohuo ndio bugali wa Kongo, na ndio huchanganywa na ulezi au mtama katika ugali wa Kanda ya Ziwa. Tahadhari yake inajulikana na wazee: muhogo mchungu una sumu ya sayanidi, na hauna budi kumenywa, kuloweshwa siku kadhaa na kukaushwa vizuri juani kabla ya kusagwa. Panapokuwa na njaa na haraka, hatua hizo zikarukwa, hutokea ugonjwa wa konzo unaopooza miguu, na maeneo ya Kongo, Msumbiji na Tanzania yamewahi kukumbwa nao. Anayegeukia muhogo kila siku kwa sababu ya seliaki ajue unga wake umetoka wapi.

Ethiopia na Eritrea wana injera ya tefu, nafaka ndogo sana isiyo na gluteni. Unga huchanganywa na maji na chachu ya rojo la awali, huachwa siku 2 au 3 uchachuke, kisha humiminwa mduara juu ya kikaango kipana. Katika mikahawa iliyo nje ya nchi hizo injera mara nyingi hutiwa ngano au shayiri kwa kuwa tefu ni ghali, kwa hiyo kuuliza ni lazima.

Chapati za kusukuma zinawezekana, mradi mpishi asitegemee zile za tabaka tabaka. Njia ni kuuivisha unga nusu kabla ya kuukanda. Kikombe 1 cha maji huchemshwa na chumvi na kijiko cha mafuta, kisha kikombe 1 cha unga laini wa mchele humiminwa kwa mara moja na kukorogwa kwa mwiko juu ya moto mdogo, kama anayesonga ugali, hadi kishikane. Sufuria hufunikwa dakika 10, kisha donge hukandwa likiwa bado la moto kiasi cha kuvumilika mkononi. Wanga ulioiva huwa gundi, na donge husukumika jembamba. Hupikwa kwenye kaango kavu, na huliwa zingali za moto, kwani zikipoa hukakamaa. Kwa asiye na muda, chapati za maji za unga wa dengu, zenye kitunguu, giligilani na bizari, hupikwa dakika chache na zina protini ya kutosha kumshibisha mtu hadi mchana.

Kuhusu sambusa, ni vema kusema wazi kwamba manda ya mchele haifiki ile ya ngano, na mwenye kutaka kitafunwa cha jioni atafurahi zaidi na katlesi au kachori za viazi zilizochovywa katika yai na unga wa dengu badala ya chenga za mkate. Bagia za kunde na bhajia za viazi nazo zenyewe hazina tatizo, ila mafuta ya kukaangia, ambayo yatazungumzwa hapa chini.

Baada ya kuyazoea hayo, boflo lenyewe halitishi. Linalokosekana ni utando, na utando hutafutiwa badala. Badala bora iliyopo madukani Afrika Mashariki ni maganda ya isabgol, yanayouzwa katika maduka ya Kihindi na maduka ya dawa kwa ajili ya choo kigumu. Yakitiwa maji hugeuka ute mzito unaonyumbulika, na ute huo hushika hewa karibu kama gluteni. Mbegu za chia au za kitani zilizosagwa hutoa ute pia, lakini dhaifu zaidi. Gundi ya zanthani, unga mweupe unaouzwa na wauzaji wa vifaa vya keki, hufaa kwa keki na biskuti kwa kiasi kidogo sana, nusu kijiko kidogo kwa kikombe cha unga. Ikizidi, keki huwa kama mpira.

Kwa boflo moja la kilo moja hivi, huchukuliwa gramu 200 za unga wa mchele, gramu 150 za unga wa mtama mweupe na gramu 100 za wanga wa muhogo au wa mahindi. Mchele hutoa mwili, mtama hutoa ladha ya nafaka, na wanga hulegeza. Gramu 20 za maganda ya isabgol huchanganywa na mililita 380 za maji ya vuguvugu na kuachwa dakika 10 hadi zigande. Gramu 7 za hamira, vijiko vikubwa 2 vya sukari, kijiko kidogo 1 na nusu cha chumvi, mayai 2 na vijiko vikubwa 2 vya mafuta hufuata, kisha unga wote. Kinachopatikana ni kitu kati ya donge na rojo, kinachonata mkononi. Hapo ndipo aliyezoea ngano hukosea kwa kuongeza unga. Unga wa mchele na mtama hunywa maji polepole, na mkate uliokaushwa mwanzoni hutoka mgumu. Kukanda hakuna kazi, kukoroga vizuri kwa dakika 3 au 4 kunatosha. Huwekwa moja kwa moja katika kopo la kuokea, husawazishwa juu kwa mkono uliolowa, huumuka mara moja tu hadi kukaribia ukingo, na huokwa kwa nyuzi 200 kwa dakika 50 hadi 60. Huiva polepole kwa sababu ya maji mengi. Ukoko ukiwa umeshapata rangi na ndani bado ni mbichi, hufunikwa kwa karatasi ya alumini na kuachwa uendelee.

Mkate huo usikatwe ukiwa wa moto. Wanga wake bado unaganda, na kisu kitatoka na ute. Ukishapoa kabisa hukatwa vipande. Ule wa siku ya kwanza ni mtamu, wa pili unahitaji kuchomwa, na wa tatu umeshakauka, kwani wanga usio na gluteni huchakaa upesi. Kuuweka katika friji huuharakisha kuchakaa. Vipande vigandishwe siku hiyohiyo na kuchomwa kimoja kimoja.

Keki ni rahisi kuliko mkate, kwa kuwa mayai hufanya kazi nyingi ya kunyanyua na kufunga. Keki ya karanga zilizosagwa, ya korosho, au ya ndizi mbivu na unga wa mchele hutoka vizuri kwa mpishi wa kawaida. Unga wa mchele wa mashineni mara nyingi huwa na chenga, na rojo la keki likiachwa litulie nusu saa kabla ya kuoka chenga hizo hulainika. Bekingi poda isomwe pakiti yake, maana mara chache wanga uliomo huwa wa ngano.

Sehemu ngumu ya jiko hili haimo katika mapishi. Imo katika chembe. Kiwango cha kimataifa cha Codex Alimentarius kinaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni ikiwa hakizidishi miligramu 20 katika kilo moja. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gluteni takriban miligramu 2,000. Uchunguzi wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa miligramu 50 kwa siku, zikiliwa miezi mitatu, zinatosha kuudhuru utumbo wa mgonjwa. Hizo ni sehemu 1 kati ya 40 za kipande kile, makombo ambayo mtu huyapangusa mezani bila kufikiri.

Mahali pa kwanza pa hatari ni mashine ya kusaga. Mashine ileile husaga mahindi ya huyu, mtama wa yule na ngano ya mwingine, na unga wa mtangulizi hubaki ndani. Anayepeleka mtama wake baada ya ngano hurudi na unga uliochanganyika. Wenye mashine wengi hukubali wakielezwa, na familia nyingine huamua kusaga nyumbani kwa blenda yenye nguvu, au kununua nafaka nzima, kuipepeta na kuichagua punje za kigeni, kisha kuitwanga kinuni. Kinu nacho kisiwe kile kinachotwangiwa ngano ya bokoboko.

Mafuta ya kukaangia hufuata. Bagia safi zikiingia katika karai lililokaanga maandazi na sambusa hubeba gluteni, na joto la mafuta haliiharibu. Chungio la unga, kibao cha kusukumia chapati, mwiko wa mbao wenye nyufa na kaango la chapati la miaka mingi havisafishiki vya kutosha. Nyumba ambayo wengine wanaendelea kula ngano hununua seti ya pili ya vitu hivyo vichache, vyenye alama ya rangi. Sufuria za chuma na sahani za udongo zikioshwa kwa sabuni hazina shida. Unga wa ngano ukimwagwa huelea hewani kwa muda na kutua juu ya kila kitu, kwa hiyo chakula cha mgonjwa hupikwa kwanza na kufunikwa, chapati za wengine baadaye.

Halafu kuna ngano iliyojificha. Sosi ya soya hutengenezwa na ngano. Soseji na kababu hutiwa chenga za mkate. Supu na mchuzi wa hotelini huzidishwa uzito kwa unga. Vikolezo vya unga vya pakiti, mvuje wa dukani ambao huchanganywa na unga wa ngano, unga wa lishe wa watoto wenye nafaka nyingi, tambi, suji na kuskusi vyote vinahitaji kuangaliwa. Halua huulizwa wanga wake ni wa nini. Bia za kiwandani nyingi ni za shayiri, na vinywaji vya kimea visivyo na kilevi ni hivyohivyo. Togwa ya mtama au ulezi haina gluteni, mradi kimea chake hakikutiwa ngano.

Kuacha ngano kunaondoa kitu kingine pia. Nchini Kenya na Tanzania unga wa ngano wa viwandani hutakiwa kisheria kuongezwa madini ya chuma na asidi ya foliki, na mgonjwa ambaye tayari ana upungufu wa damu hupoteza chanzo hicho. Unga wa mahindi wa pakiti nao huongezwa virutubisho, lakini wa mashine ya mtaani haupati. Maini, maharage, kunde, choroko, mchicha, kisamvu na matembele huziba pengo. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zote za kawaida, na kalsiamu ndiyo hasa inayohitajika na mifupa ya mtu ambaye utumbo wake ulishindwa kufyonza kwa miaka. Bidhaa za pakiti zisizo na gluteni, kwa upande wao, mara nyingi ni wanga mweupe, sukari na mafuta. Uji wa ulezi na bakuli la maharage ni bora kuliko nyingi kati ya hizo.

Kula kwa pamoja ndiko kunakowaumiza wengi. Katika sinia moja la futari mikono iliyoshika chapati hurudi katika wali uleule, na mgonjwa anayejitenga huonekana anaringa au anawadharau wenyeji wake. Kinachosaidia ni familia kutangulia kusema, na mgonjwa kupakuliwa wa kwanza, kabla mikono haijaingia. Mtoto afungiwe chakula chake cha shule, na mwalimu aelezwe kwamba kubadilishana vitafunwa na wenzake si mchezo kwake. Kwa Wakatoliki kuna suala la hostia. Kanisa linataka hostia iwe ya ngano, na barua ya Vatikani ya mwaka 2017 ilirudia kwamba isiyo na gluteni kabisa haifai, ila yenye gluteni kidogo sana inakubalika. Asiyeweza hata hiyo anaruhusiwa kupokea divai peke yake, na paroko akiambiwa mapema huandaa kikombe chake.

Kazi ya jiko hupimwa hospitali. Damu hurudiwa kupimwa baada ya miezi kadhaa na tena kila mwaka, na askari wale wa mwili wanatakiwa washuke. Watoto hupona upesi, uzito ukaonekana kupanda ndani ya miezi michache, huku utumbo wa mtu mzima ukihitaji mwaka 1 au 2, pengine zaidi. Vipimo vikibaki juu mwaka ukiwa umepita, hatua ya kwanza ni kurudi nyumbani na kukagua: unga ulisagwa wapi, karai lilikaanga nini, vikolezo ni vya pakiti gani, na ni nani mwingine anayempa mtoto chakula mchana.